Niliwasingizia watunza taa watatu

Wakati ndiyo kwanza naanza kazi ya uandishi, gazeti moja la wiki (silitaji jina, kosa lilikuwa langu) lilinipa nusu ukurasa wa kujaza kila toleo. Kazi yenyewe: maajabu ya dunia. Nyoka wa vichwa viwili, meli zilizopotea, mambo ya namna hiyo. Wiki moja nilikuwa sina kitu kabisa, saa zinakimbia, nikaingia intaneti na kukutana na kisa cha mnara wa taa huko Uskoti ambako watu watatu walitoweka Desemba 1900 bila kuonekana tena. Kisa kilikuwa kitamu mno. Eti waliokwenda kuwatafuta walikuta chakula mezani hakijaguswa, kiti kimepinduka, na daftari la kazi limejaa maneno ya kutisha: dhoruba ya ajabu, mkuu wa kituo kawa mkali, mtu mzima mmoja analia, wote watatu wanapiga magoti kuomba, kisha siku ya mwisho bahari imetulia na Mungu yuko juu ya yote.

Nikatafsiri, nikaongeza chumvi yangu kidogo, nikapeleka. Ilitoka na picha kubwa.

Wiki hiyo hiyo simu ikapigwa ofisini, mtu anamtafuta "yule kijana wa habari za taa". Alikuwa mzee, lafudhi ya pwani, mstaafu wa kazi ya kutunza taa za kuongozea meli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akauliza taratibu tu: "Mwanangu, hilo daftari umeliona kwa macho yako?"

Nikasema hapana, mzee, nimelisoma mtandaoni.

"Maana daftari la taa haliandikwi vile. Unaandika saa uliyowasha, saa uliyozima, upepo unatoka wapi, mafuta yamebaki kiasi gani. Na mkubwa wako analisoma. Sasa wewe uandike humo kwamba mkubwa kakasirika na mwenzio analia, kazi unaitaka au huitaki?"

Akanishukuru kwa makala, akakata simu. Mimi nikawasimulia wenzangu, tukacheka, tukaendelea na mengine. Lakini swali lile halikuniacha. Lilikuwa swali la kwanza kabisa ambalo mwandishi wa habari anafundishwa kujiuliza, na aliyeniuliza hakuwa mhariri wangu.

Miaka ikapita, nikapata nafasi ya kwenda kusoma Aberdeen, Uskoti. Mara ya kwanza kupata Jumamosi isiyo na mvua (subira inahitajika) nikapanda basi kwenda Fraserburgh, mji wa wavuvi ulioko kaskazini zaidi, mahali pwani inapopinda. Pale kuna makumbusho ya minara ya taa, yaliyofunguliwa mwaka 1995, na mnara wenyewe wa Kinnaird Head ambao ni kituko cha aina yake. Ukiutazama kwa mbali unadhani macho yako yana kasoro: ni ngome ya zamani, iliyoanza kujengwa mwaka 1570 na bwana mmoja wa ukoo wa Fraser, halafu katikati ya paa lake umechomoza mnara mweupe wenye chumba cha vioo. Ndiyo taa ya kwanza ya Bodi ya Minara ya Kaskazini, iliyoanzishwa mwaka 1786. Iliwashwa usiku wa tarehe 1 Desemba 1787, taa 17 za mafuta ya nyangumi zikiwa na vioo vya kurudisha mwanga nyuma yake.

Mtunza taa wa kwanza aliitwa James Park, nahodha wa zamani. Malipo yake yalikuwa shilingi moja kwa usiku (naam, shilingi, neno letu la mfukoni lilikotoka) pamoja na sehemu ya malisho ya ng'ombe. Ila kulikuwa na sharti: kila usiku awe na mtu mwingine pamoja naye, ambaye atamfundisha kusafisha na kuwasha taa. Nililipenda sharti hilo. Miaka mingi kabla ya semina na warsha, mtu analipwa shilingi moja, na ndani ya shilingi hiyo kuna kazi, malisho na kufundisha mrithi.

Ndani ya mnara unapanda ngazi za mzunguko hadi kwenye lenzi. Watu wengi, nikiwemo mimi, tunadhani mnara wa taa ni balbu kubwa tu. Sivyo. Mwanga wenyewe unaweza kuwa mdogo, wa utambi na mafuta, kazi kubwa inafanywa na vioo. Mfaransa Augustin Fresnel alibuni miaka ya 1820 namna ya kupanga pete za kioo zilizochongwa ili kila mwale unaotawanyika ovyo ukusanywe na kupelekwa upande mmoja, baharini. Ukisimama karibu na lenzi ya namna hiyo unajiona umegeuka vipande vipande, juu chini, chini juu. Ili taa ionekane inamulika na kuzima, lenzi huzungushwa, na kabla ya umeme ilizungushwa na mashine mfano wa saa ya ukutani: uzito mkubwa unashuka polepole ndani ya mnara, ukifika chini mtu anaupandisha tena kwa kuzungusha mkono wa chuma. Usiku kucha. Zamu ikiisha unamwamsha mwenzio, humwachi mnara mpaka awe amefika mwenyewe juu na kushika kazi. Ukilala, lenzi inasimama, na nahodha aliye baharini anahesabu sekunde anaona taa asiyoijua. Kila mnara una mpangilio wake wa kumulika, ndiyo jina lake gizani.

Nikakumbuka kwamba hata neno letu "mnara" limetokana na "manara" ya Kiarabu, yaani mahali pa mwanga. Sisi siku hizi tunalitumia hata kwa minara ya simu.

Kwa nini watunza taa huwa watatu? Jibu lake linaanzia Wales, kwenye mwamba wa Smalls. Mwaka 1801 kulikuwa na watunza taa wawili tu pale, Thomas Howell na Thomas Griffith, na watu walijua kwamba hao wawili hugombana. Griffith akafa. Howell akaogopa: akiutupa mwili baharini, nani atamwamini kwamba hakumuua? Basi akatengeneza jeneza kwa mbao alizokuwa nazo, akalifunga nje ya mnara, na akaendelea kuwasha taa peke yake wiki baada ya wiki huku dhoruba zikizuia boti kufika. Alipookolewa alikuwa mtu mwingine kabisa. Baada ya hapo ikawa kanuni: mnara wa mwambani uwe na watu watatu. Yaani mtu wa tatu aliwekwa ili kuwe na shahidi. Shikilia hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa twende kwenye wale watatu wangu.

Visiwa vya Flannan viko kiasi cha kilomita 32 magharibi ya kisiwa cha Lewis, ambacho chenyewe tayari kiko mbali magharibi ya Uskoti. Wenyeji wanaviita pia Wawindaji Saba. Kikubwa kati yake ni Eilean Mòr, kilima cha majani kinachosimama baharini, maporomoko kila upande, hakuna bandari wala mti. Padri au mtawa wa zamani alijenga kijumba cha ibada pale, magofu yake yapo hadi leo, lakini watu hawakuwahi kuishi huko kwa kudumu. Mnara ulibuniwa na David Alan Stevenson, wa ukoo ule uliojenga minara karibu yote ya Uskoti. Kama ulisoma "Kisiwa chenye Hazina" shuleni au kwenye maktaba ya mtaa, mwandishi wake Robert Louis Stevenson ni wa ukoo huo huo. Alitakiwa awe mhandisi wa minara kama baba yake na babu yake, akakimbilia kalamu.

Ujenzi ulichukua miaka minne, 1895 hadi 1899, kwa sababu kila jiwe lilipandishwa kwa kamba kutoka kwenye mashua hadi juu ya maporomoko. Mnara una urefu wa mita 23. Uliwashwa tarehe 7 Desemba 1899. Zilijengwa gati mbili, moja mashariki na moja magharibi, ili upepo ukikataa upande huu ushukie upande ule. Familia za watunza taa zilikaa Lewis, kwenye kijiji cha Breasclete, nyumba za kazini. Watumishi walikuwa wanne: watatu kisiwani, mmoja akipumzika nchi kavu. Wiki sita kazini, wiki mbili nyumbani.

Desemba 1900 zamu ilikuwa hivi. James Ducat, miaka 43, mkuu wa kituo, mtumishi wa zaidi ya miaka 20, mke na watoto wanne. Thomas Marshall, miaka 28, msaidizi, hajaoa. Wa tatu alitakiwa awe William Ross, lakini alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nafasi yake ikashikwa na Donald McArthur, miaka 40, mke na watoto wawili. McArthur hakuwa mwajiriwa wa kudumu. Alikuwa mtu wa kuitwa pengo likitokea. Kwa lugha ya daladala, alikuwa deiwaka. Huyu ndiye niliyemliza mimi gazetini.

Wa nne, aliyekuwa mapumzikoni, aliitwa Joseph Moore.

Kulikuwa pia na mtu nchi kavu, Roderick MacKenzie wa upande wa Uig, aliyelipwa pauni 8 kwa mwaka kutazama kisiwa na kuandika kama taa imeonekana. Taa ilionekana tarehe 7 Desemba. Tarehe 8, 9, 10 na 11 haikuonekana. Tarehe 12 ikaonekana tena. Kisha kimya. Lakini ukungu wa kule ni jambo la kawaida, na usiku kadhaa bila kuona taa haikuwa sababu ya kupiga mbiu. Usiku wa tarehe 15 meli moja iliyokuwa ikitoka Marekani kwenda Leith, iitwayo Archtor, ilipita karibu na visiwa na mabaharia wake wakaona giza tu pale ambapo ramani iliwaahidi taa.

Meli ya kubadilisha zamu, Hesperus, ilitakiwa kwenda tarehe 20. Hali ya hewa ikakataa. Ilifika tarehe 26, siku moja baada ya Krismasi, mchana. Nahodha James Harvie akapuliza honi. Hakuna aliyetokea. Bendera haikupandishwa, masanduku matupu ya vyakula hayakuwekwa gatini kama ilivyo desturi. Akarusha fataki. Kimya. Moore akashushwa peke yake, akapanda ngazi huku akiita majina.

Alikuta lango limefungwa na mlango umefungwa. Moto wa jikoni ulikuwa umezimika siku nyingi. Saa imesimama. Vitanda vitupu. Akarudi mbio gatini kuwaita wenzake.

Hapa ndipo makala yangu ilipoachana na ukweli, kwa hiyo naomba twende polepole. Mambo yaliyokutwa pale yameandikwa na watu waliokuwepo: telegramu ya Nahodha Harvie ya siku ile ile, barua ya Moore ya tarehe 28 Desemba, na ripoti ya msimamizi Robert Muirhead, aliyefika kisiwani tarehe 29 na kuandika ripoti yake tarehe 8 Januari 1901. Maandishi yote matatu yanapatikana, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Mimi niliyasoma yote kwa jioni moja. Jioni moja! Kazi ambayo ningeweza kuifanya kabla ya kuandika, kama ningeona ina maana.

Hakuna chakula mezani. Vyombo vya jikoni vilikuwa vimeoshwa na kupangwa, ishara kwamba aliyekuwa zamu ya kupika alimaliza kazi yake. Taa ilikuwa imesafishwa, utambi umekatwa vizuri, mafuta yamejazwa, lenzi imepanguswa, tayari kwa kuwashwa jioni. Daftari lilijazwa hadi tarehe 13. Mambo ya tarehe 14 na ya asubuhi ya tarehe 15 yalikuwa kwenye kibao, kwa chaki, yakisubiri kunakiliwa: kipimo cha hewa, kipimo cha joto, upepo, saa 3 asubuhi. Hakuna mtu aliyelia kwenye kibao kile. Ni tarakimu tu.

Kwa hiyo Muirhead aliweza kuhesabu kama mpelelezi mzuri: saa 3 asubuhi ya Jumamosi tarehe 15 walikuwepo. Kazi za asubuhi zilikamilika, chakula cha mchana kimeliwa na vyombo vimeoshwa. Jioni hiyo taa haikuwaka. Waliondoka mchana ule, kati ya vyombo na giza.

Mavazi yakasema mengine. Mabuti ya Ducat na koti lake la mvua havikuwepo, vya Marshall vile vile. Hayo ni mavazi waliyovaa wakishuka gatini tu. Koti la McArthur lilikuwa bado linaning'inia. Deiwaka alitoka nje na shati, Desemba, katikati ya Bahari ya Atlantiki.

Gati la mashariki lilikuwa salama. La magharibi lilikuwa limepigwa vibaya. Kulikuwa na sanduku la kuhifadhia kamba, limekazwa kwenye ufa wa mwamba kiasi cha mita 33 juu ya usawa wa bahari. Mita 33 ni kama ghorofa la kumi. Sanduku lilikuwa limevunjika na kamba zimetapakaa. Vyuma vya kushikilia vimepinda, reli ya kupandishia mizigo imeng'olewa kwenye zege, jiwe la zaidi ya tani moja limehama. Na juu kabisa ya poromoko, kiasi cha mita 60, majani yalikuwa yameng'oka pamoja na udongo wake hadi mita 10 kutoka ukingoni. Bahari ilifika huko juu.

Muirhead akahitimisha kwamba walikwenda upande wa magharibi mchana ule kuliokoa sanduku lile na kamba zake, wimbi kubwa lisilotarajiwa likapanda juu kuliko walipokuwa, na liliporudi likaondoka nao. Alifikiria pia upepo, akaukataa: upepo wa magharibi ungewasukuma kuelekea juu kisiwani. Mtu mmoja aliyetunza taa hiyo hiyo kati ya 1953 na 1957, Walter Aldebert, aliyatazama sana mawimbi ya gati lile, na yeye aliona kwamba mmoja alichukuliwa kwanza, wengine wakaenda kuokoa, wakachukuliwa. Nikifikiria lile koti ukutani, naona maelezo hayo yana nguvu. Mtu hatoki na shati kwenda kufunga kamba. Anatoka na shati akisikia anaitwa.

Na yule wa tatu, ambaye tangu Smalls kazi yake ilikuwa kubaki ili awepo wa kusimulia, hakubaki.

Sentensi iliyonikaa zaidi katika ripoti nzima si ya ushahidi. Muirhead mwenyewe alikuwa ndiye aliyewachagua Ducat na Marshall kwa kituo kile kipya, kwa sababu walikuwa hodari. Alikuwa amewatembelea kisiwani tarehe 7 Desemba. Katika ripoti ya kiserikali, kwa bodi, anasimama kidogo kuandika kwamba anayo huzuni ya kukumbuka kuwa yeye ndiye mtu wa mwisho kuwapa mkono na kuwaaga. Halafu anaendelea na habari za vipuri.

Sasa kiti na chakula vilitoka wapi? Mwaka 1912 mshairi Mwingereza Wilfrid Wilson Gibson alichapisha shairi juu ya kisa hiki, akaweka humo meza ya chakula na kiti kilichopinduka. Mshairi ana ruhusa yake, simlaumu. Tatizo ni waliokuja baadaye kulitumia shairi kama ripoti ya polisi. Lile daftari la machozi nalo, mwanahistoria Mike Dash alilifuatilia hadi kwenye jarida moja la Marekani la mwaka 1929, jarida la visa vya ajabu, karibu miaka 30 baada ya tukio. Kabla ya hapo halipo popote. Mtu alikaa mezani akalitunga, wengine wakalinakili kwenye vitabu, vitabu vikaingia intaneti, na intaneti ikaingia kwenye nusu ukurasa wangu. Mwaka 2018 ikatengenezwa hata filamu, The Vanishing, ambamo watunza taa hao wanaokota dhahabu na kuuana. Majina yao ya kweli yametumika. Ducat, ambaye rekodi yake ya miaka 20 haina doa, sasa hivi kuna watu wengi duniani wanaomjua kama muuaji wa sinema.

Nami nimo kwenye mnyororo huo. Mchango wangu ni kwamba niliufikisha Kiswahili.

Julai mwaka jana nilikwenda Lewis. Feri kutoka Ullapool hadi Stornoway, kisha basi hadi Breasclete, ambako nyumba za watunza taa bado zimesimama, imara, za mawe, zinatazama maji. Siku iliyofuata nikapata nafasi kwenye boti ya wageni kwenda Flannan. Tulikuwa kumi hivi, tumevikwa makoti mazito kama watoto wa chekechea. Kwa Julai ya kwao ilikuwa siku nzuri: jua, upepo wa wastani. Mimi niliyekulia pwani nilidhani naijua bahari. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeshikilia bomba la chuma kwa mikono miwili na kuomba dua zote ninazozijua.

Eilean Mòr inatokea ghafla, kijani juu, nyeusi chini, ndege wa baharini kwa maelfu wakipiga kelele. Mnara unaonekana mfupi na mweupe. Tukazunguka hadi gati la mashariki, lile salama. Nahodha akasimamisha boti kama mita kumi kutoka kwenye ngazi na kuyatazama maji. Maji hayakuwa na fujo. Yalipanda polepole, yakafunika ngazi saba, nane, yakashuka na kuziacha zinameremeta, yakapanda tena. Akatazama kama dakika kumi, bila kusema. Kisha akatikisa kichwa: leo hakuna kushuka.

Wageni wengine walinung'unika, tumelipa pesa nyingi. Mimi sikununika hata kidogo. Nilikuwa natazama ngazi zile zikizama na kuibuka, siku ya jua, mwezi wa Julai. Akatupeleka upande wa magharibi tuone kwa mbali. Mabaki ya njia ya zege yanaonekana, yanapanda mwamba kwa mwinuko ambao kwa miguu mikavu ungekuogopesha. Mtu mmoja karibu nami akaanza kuwasimulia watoto wake kuhusu daftari na mtu aliyekuwa akilia. Nikageuka, nikamwambia kwa adabu kwamba hilo daftari halikuwepo. Akaniangalia kama nimemharibia safari. Huenda nilimharibia kweli.

Taa ya Flannan haina mtu tangu tarehe 28 Septemba 1971. Inajiwasha yenyewe. Mnara wa mwisho wa Uskoti kuwa na watunza taa, ule wa kusini mwa Fair Isle, uliachwa kwa mashine tarehe 31 Machi 1998. Kinnaird Head ulistaafishwa mwaka 1991, na pembeni yake kuna kijitaa kidogo cha kisasa kinachofanya kazi ile ile bila malisho ya ng'ombe.

Niliporudi Stornoway jioni ile nilitafuta namba ya yule mzee. Nilikuwa nayo bado, nimeiandika kwenye ganda la daftari langu la kwanza la kazi. Ilinichukua siku mbili na watu watatu kumpata, sasa amezeeka, mjukuu wake ndiye anayeshika simu na kurudia maneno kwa sauti kubwa. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza mimi ni nani. Alinikumbuka, au alikuwa mpole wa kusema ananikumbuka. Nikamwambia: mzee, ulisema kweli, daftari lilikuwa la uongo, kwenye kibao kulikuwa na upepo na vipimo tu.

"Ehe," akasema, kama mtu aliyeambiwa kwamba kumekucha.

Halafu akauliza kitu ambacho katika kusoma kwangu kote sikuwa nimekaa chini kukihesabu. Alitaka kujua taa ilikaa usiku mangapi bila kuwaka. Nikahesabu kwa vidole, kuanzia tarehe 15 hadi 25.

"Kumi na moja, mzee."

Akanyamaza kidogo. Nikamsikia anamwambia mjukuu wake, usiku kumi na moja. Kisha: "Na ile meli ilipofika, waliiwasha lini?"

Nikamwambia usiku ule ule. Nahodha alimwacha Moore kisiwani pamoja na watu watatu wa melini, na usiku wa tarehe 26 taa ikawaka. Nikamwambia pia alichoandika Muirhead: kwamba Moore alikuwa na hofu kubwa, kwamba isipomwisha itabidi ahamishwe, lakini yeye Muirhead hapendi kumhamisha kwa sababu anahitaji walau mtu mmoja anayekijua kituo.

"Alipanda juu peke yake?" mzee akauliza. "Kuwasha?"

Hilo halimo kwenye ripoti. Nikamwambia halimo.

"Haya," akasema. "Basi usiliandike."